Maabara ya Mwanjelwa: wachukua damu wako safi, mapokezi hapana

Wale mnaoulizia maabara ya kupima damu hapa Mbeya, nimempeleka mama mkwe kwenye moja ya binafsi maeneo ya Mwanjelwa, jina naliacha maana nitawasifia na kuwasema humuhumu.

Kilichonikosha ni dada anayechukua damu. Kwanza kamwamkia mama Kinyakyusa, halafu kabla hajashika sindano akaanza maswali, umekula saa ngapi mara ya mwisho, unatumia dawa gani, ukichomwa huwa unasikia kizunguzungu? Mama akajibu sijala kitu mwanangu, nimekunywa tu chai ya rangi ya kuondoa baridi. Yenye sukari? Vijiko viwili tu. Dada akacheka, akamwambia basi mama sukari ya kufunga hatupimi leo, itatudanganya, kwa hicho kipimo njoo kesho. Sehemu nyingine wangechoma tu na hela wakachukua! Mimi maabara nisipoulizwa chochote kabla ya kuchomwa huwa siyaamini hata majibu yao.

Sasa hiyo kufunga watu wengi hawaielewi. Kwa kipimo cha sukari ni angalau masaa 8 bila kula, yaani ukila saa mbili usiku asubuhi uko vizuri, na maji matupu unakunywa tena kunywa ya kutosha, mshipa unaonekana kirahisi. Ila chai, kahawa, soda, sigara, bigijii, vyote acha. Maana hapo tofauti ndogo tu ya namba inabadilisha kila kitu, ukiwa umefunga ikasoma 7.0 mmol/L kwenda juu wanaanza kuongelea kisukari, na kama huna dalili wanarudia kupima siku nyingine kuhakikisha. Mafuta kwenye damu kuna madaktari wanataka ufunge masaa 9 mpaka 12 na kuna wasiotaka, muulize aliyekuandikia. Lakini malaria, FBP (picha kamili ya damu), grupu la damu, HIV, hata HbA1c ile inayoangalia sukari ya miezi miwili mitatu nyuma, hivyo kula ushibe ndo uende, kuna watu wanashinda njaa kwenye benchi bure kabisa. Na mwenye kisukari anayechoma insulini asifunge tu kula halafu akachoma kama kawaida, sukari itashuka vibaya, aongee na daktari wake kwanza na abebe kitu cha kula akishatolewa damu.

Wadada, vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vitajeni, vinavuruga majibu ya tezi ya shingo. Sijui kwa nini wauzaji hawalisemi hili.

Kingine ni baridi letu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi mishipa inajificha, yule dada alimwambia mama aingize mikono ndani ya kitenge ipate joto kwanza, na kweli akaupata mshipa mara moja. Vaa nguo ambayo mkono unapanda bila vita. Ukishatolewa bana pamba dakika kadhaa mkono ukiwa umenyooka, usiukunje wala usisugue, na gunia la viazi beba na mkono mwingine. Halafu usiondoke kabla hujaona jina lako limeandikwa kwenye kichupa cha damu.

Haya, mabaya. Mlangoni wameandika wanafungua saa moja lakini keshia kaja amechelewa, wazee wenye njaa wamekaa wanamsubiria yeye tu, na bila risiti huingii ndani. Mapokezi ndo kabisa, mkaka anaita kwa sauti "wa kipimo cha ukimwi nani?" benchi zima linageuka. Hilo jamani siyo sawa hata kidogo, nimemwambia pale pale akanuna. Majibu tuliambiwa mchana, yakatoka jioni.

Kwa kuchomwa nyota tano, mapokezi moja. Mama kasema atarudi kwa yule dada tu, akimkosa anapanda gari la Tukuyu anaenda kupimia kwao.