Kubeba vifusi Goma: chukudu, trisikli au bene?

Chumba kimoja cha bloki kikibomolewa, mwenye parseli (kiwanja) huona rundo dogo kuliko lilivyo. Tupime huduma zote tatu, yaani chukudu (skuta ya mbao ya kusukumwa), trisikli (pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku) na bene (lori la kumwaga mzigo), kwa mzigo mmoja: chumba cha mita 4 kwa 3, kuta za urefu wa mita 2.7 na unene wa sentimita 15. Ukitoa mlango na madirisha, kuta zina kama mita za ujazo 5. Zikishavunjwa zinavimba, kwa sababu vipande haviketi sawasawa: unapata karibu 7.5, zenye uzito wa tani 10 hivi. Hapo sakafu na zege la juu hatujazigusa.

Bene ndiyo wengi huikimbilia, na kwa vifusi vizito hakuna kinachoishinda. Kasoro yake ni mapatano. Bei husemwa kwa safari, lakini "safari" haina kipimo. Pima sanduku kwa mita (urefu, upana, kimo) kabla ya kukubali. Mita moja ya ujazo ya vifusi vya bloki ina kilo kama 1,300, kwa hiyo gari la tani 7 limejaa likifika mita 5 na kidogo, hata kama sanduku bado lina nafasi. Dereva anayejaza mpaka mdomoni hakufanyii hisani. Springi zikikatika barabarani, mzigo wako ndio utakaomwagwa pale pale. Chumba chetu kinadai safari mbili. Uliza pia kama wapakiaji wako ndani ya bei, na kama turubai lipo. Bila turubai, mawe madogo huangukia pikipiki zinazofuata nyuma.

Trisikli haitupendezi kwa kazi hii. Inapita vichochoro vya mtaa wa Birere ambako bene haipiti, ni kweli, lakini vifusi huinama upande mmoja kwenye mashimo na ekseli ya nyuma hupinda. Inafaa kwa vigae, vyoo vya kaure na magunia machache ya plasta.

Chukudu ni hadithi nyingine. Jaza gunia la sukari nusu tu, lisizidi kilo 45, maana likijaa hakuna atakayelinyanyua na ncha za zege zitalipasua. Chumba chetu kingetoa magunia kama 220. Kwa magunia 7 kila safari, ni safari zaidi ya 30. Kwa vifusi, basi, usiiite. Kwa mbao, mabati, milango na vyuma, iite bila kusita: vitu virefu vinalala vizuri juu ya mti wake, na mwendeshaji anafika mpaka mlangoni. Lakini mji wetu unateremka kutoka volkano kwenda ziwani, na chukudu iliyobeba mzigo hupenda kushuka, breki yake ikiwa ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu. Chini ni Ziwa Kivu, mahali rahisi pa kutupa mzigo. Kwa hiyo usilipe kabla ya kukubaliana mzigo unakwenda kwa nani. Lipa mwisho, baada ya mpokeaji kuthibitisha kwa simu. Bene nayo ni hivyo hivyo. Kifusi kilichomwagwa kwenye mfereji kitarudi kwa jirani zako mvua ikinyesha.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kuita gari kabla ya kuchambua. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mwamba wa lava, ikiwemo ile ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wananunua udongo na mawe ya kujazia parseli. Kulipa bene itoe vifusi, kisha kulipa nyingine ilete vya kujazia, ni kulipa mara mbili. Chini ya sakafu mpya ya mita za mraba 12, tabaka la sentimita 15 linameza zaidi ya mita za ujazo 2 za vifusi visivyoshindiliwa. Kuinua uwanja wa mita za mraba 20 kwa kiasi hicho hicho kunameza nyingine 3 na nusu. Kwa bene inabaki safari moja, tena haijajaa.

Vunja vipande visizidi ngumi, toa mbao, nailoni na jasi, mwaga maji, shindilia. Mbao ikibaki ndani huoza na sakafu hubonyea. Jasi ikilowana hushambulia saruji. Usivitumie vifusi hivi kama kokoto za nguzo au linta, maana vinanyonya maji ya mchanganyiko na zege hutoka dhaifu. Mawe ya lava yasiende kabisa: gonga chokaa kwa nyundo, yajenge tena ukuta wa uzio.

Vyuma viuze kwa kilo: milimita 12 ina kilo 0.89 kwa mita, milimita 8 ina 0.395, hivyo unaweza kujua jumla kwa futi kamba kabla mizani ya mnunuzi haijafika. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kisirudi kwenye nguzo.

Mabati ya zamani ya eterniti (saruji yenye asbesto) hayaingii kwenye huduma yoyote kati ya hizi tatu. Yaloweshe, yang'oe mazima bila kuyapiga, yafunge kwa nailoni mara mbili. Mpakiaji akitaka kuyavunja ili ayapakie hata hivyo, mzuie: vumbi lake linabaki mapafuni.