Wamenifanyia ovahoo ya Land Rover, inamisi, halafu naambiwa nipeleke skrepa

Mnivumilie maana bado nina hasira. Gari yangu ni Land Rover 109, Series III, ya petroli ile injini ya 2.25, na mwaka jana kuelekea mwishoni niliipeleka gereji moja kubwa hapa Moshi wanishushie injini wafanye ovahoo kamili, ilikuwa inakula oili na inatoa moshi nyuma kama tanuru la matofali. Jina la gereji siliandiki.

Kazi ya mashine walifanya. Walibori silinda, wakachonga krankshafti, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, valvu zikasagwa upya. Siku ya kuichukua nikapiga stata ikaitika hapo hapo, sailensi (ule mngurumo gari ikiwa imesimama) imetulia, nyuma hakuna moshi, nikalipa hela yote iliyobaki na vijana nikawaachia ya soda. Nilifurahi sana, niseme ukweli.

Sasa nikatoka nayo kwenda Marangu. Mpaka Himo hamna neno. Kuanza tu kupandisha ule mlima, ikaanza kumisi, inavuta inaachia, inavuta inaachia, na kwenye ekzosti inapiga pa! pa! watu wa pembeni wanageuka. Nikapaki, nikafungua boneti, nikasubiri ipoe, nikawasha, safi kabisa! Nikapandisha kidogo tena, yale yale.

Nikairudisha gereji. Wakabadilisha plagi, nikalipa. Ikaendelea. Wakasema kabureta, wakaifungua ile Zenith, wakaisafisha, wakaweka gasketi na vidude vyake vipya, nikalipa tena, ikaendelea. Wakasema mafuta ya siku hizi machafu, nioshe tenki. Tenki likaoshwa. Gari ikipata moto inamisi vile vile, na kila nikirudi kuna risiti.

Siku iliyonimaliza nguvu ni hii. Nimefika asubuhi nimemkuta fundi mkuu kakalia siti ya gari iliyong'olewa, mkono mmoja chapati mkono mwingine simu. Nikamsalimia, akaitikia kwa kidevu. Nikamweleza kwa utaratibu, fundi, ikiwa ya baridi haimisi, ikipata moto inamisi, na sio silinda moja, zote. Wala hakuinua macho. Akasema, "Bosi, hizi gari zishazeeka, kumisi ndio kawaida yake. Peleka skrepa, ongezea hela uchukue Toyota IST." Vijana wake wakacheka.

Ndugu zangu! Wewe fundi, mimi nimekulipa ovahoo! Kama gari imezeeka na kumisi ndio kawaida yake, siku napokuja na hela ulikuwa wapi usiniambie? Ulihesabu noti moja moja pale mezani, hukuona kama imezeeka? Na hiyo injini familia yake ipo barabarani tangu 1958, haina kompyuta wala sensa hata moja, vitu vya kuifanya imisi vinahesabika, ni moto wa plagi, mafuta, hewa, au kompresheni, basi. Fundi mkuu wa gereji nzima anashindwa kuvipitia hivyo vinne kimoja kimoja, anaona rahisi kumtukania mtu gari yake mbele ya watoto.

Nikaiondoa siku hiyo hiyo, nikaipeleka kwa mzee mmoja Majengo ambaye hana hata kibao cha gereji, ana mti na sanduku la spana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza swali moja tu, inamisi ikiwa baridi au ikiwa moto? Lile swali peke yake kule kwingine hakuna aliyewahi kuniuliza, mimi ndiye nilikuwa nawaeleza na hawasikii.

Akaanza na waya za plagi, akazifuata kwa kidole kutoka kwenye distribyuta, ile inayogawa moto kwa kila plagi, kwa mpangilio wa silinda zinavyowaka, 1-3-4-2, kuzunguka kinyume na saa, zipo sawa. Akapima tapeti, yaani uwazi wa valvu, na fila geji (kile kibati cha kupimia uwazi) ya milimita 0.25, na alipima kwa ile njia ya tisa, valvu ya nane ikizama mpaka mwisho anapima ya kwanza, ya saba anapima ya pili, jumla iwe tisa muda wote. Sawa. Akawasha ikiwa sailensi akachomoa waya wa plagi mmoja mmoja, kila akichomoa mlio unashuka kiasi kile kile, kwa hiyo hakuna silinda iliyolala, na hapo akasema mwenyewe kazi ya ndani ya hii injini ni nzuri, aliyebori anajua kubori. Akapuliza kabureta klina kwenye maungio ya manifoldi, lile bomba la kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda, mlio haukubadilika, hakuna hewa inayoingia kwa wizi.

Tukaizungusha mpaka ikapata moto vizuri, ikaanza kumisi. Akaizima, akafungua kifuniko cha distribyuta, akanionyesha kontakti pointi, vile vichuma viwili vinavyofunguka na kufunga kukata umeme, niangalie. Mpya kabisa za ovahoo hiyo hiyo, lakini upande mmoja ushachimbika kishimo na upande wa pili umeota kichunusi, na rangi imeungua. Akaniambia nizibe mwanga na koti, akawasha swichi, akawa anazifungua na kuzifunga zile pointi kwa bisibisi. Cheche linaruka pale katikati, kubwa, la njano. Akasema, ona, moto wako unaishia hapa badala ya kwenda kwenye plagi. Kondensa imekufa.

Kwa wasiojua, kondensa ni kale kakopo kadogo kanakokaa humo humo ndani ya distribyuta. Pointi zikifunguka, yenyewe inaumeza ule umeme ili umeme wa koili, ile inayokuza umeme wa betri, ukatike ghafla, ndipo plagi inapata cheche ya nguvu. Ikiwa mbovu pointi zinaungua na plagi zinapata cheche dhaifu. Na nyingi zinazouzwa siku hizi zikiwa baridi zinafanya kazi, zikipata joto la injini zinakufa, zikipoa zinafufuka. Ndio maana kule mlimani ilikuwa inaniamsha na kunilaza! Akageuza na rota, ile inayozunguka ndani ya distribyuta kupeleka moto kwa kila plagi, nayo mpya, chini yake kuna kamstari keusi kembamba kama unywele kuanzia kwenye ribiti, moto unavuja kwenda kwenye shafti. Kwa hiyo vitu viwili vipya vibovu, vyote nimevilipia kwenye risiti ya ovahoo, na zile za zamani zilizokuja na gari zilikuwa hazina kasoro yoyote, hakuna aliyewatuma kuzigusa.

Hapo ndipo nilirudi kule nikiwa nimewaka. Nikataka vitu vyangu vya zamani. Fundi mkuu akasema vilitupwa. Nikabishana naye pale mpaka wateja wengine wakasogea. Sasa kuna dogo mmoja anayejifunza kazi, amenifuata nje getini, "Braza, samahani, mimi nilivihifadhi," akanitolea kopo la maziwa, ndani kuna kondensa yangu na rota yangu, zimefungwa kwenye kitambaa chenye oili. Yule dogo Mungu ambariki, alivitunza kwa sababu aliona ni vizima.

Mzee akavifunga, akaweka pointi nyingine, akaseti uwazi wake, akarudisha taimingi, yaani muda wa plagi kupiga cheche. Bei aliyonitajia niliona aibu, nikamwongezea. Nimepandisha Marangu nikiwa nimebeba na saruji, gia ya tatu, haijamisi hata mara moja, na mpaka leo inadunda.

Sasa nyota za kuipa hiyo gereji. Nilikuja hapa kuweka moja. Halafu nikiwa naandika nikakumbuka silinda walizibori vizuri, mzee mwenyewe kasifia, oili haipungui, haki ya mtu lazima apewe, nikasema tatu. Kama una krank ya kuchonga, yule wa mashine pale nyuma ni fundi kweli kweli, mpelekee. Ila usiwaachie distribyuta, ifungue mwenyewe uende nayo nyumbani, na kila spea wanayotoa waambie unaitaka mkononi kabla hujalipa.

Hela ya kabureta na ya kuosha tenki hawajanirudishia, nimeomba, naambiwa nimsubiri fundi mkuu. Nikimsubiri namkumbuka na chapati yake ananiambia skrepa. Hapana. Moja. Na hiyo moja ni ya yule dogo.