Seti ya Mjusi Ndevu ya "Kila Kitu Kimo": Kwa Hapa Unguja, Hapana

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena. Huyu anayekutizameni juu ya jiwe anaitwa Sheha. Ni mjusi ndevu, mtoto bado, na jina kalipata kwa kazi yake: asubuhi anapanda juu, anatizama nani kapita, anatikisa kichwa. Mnaoniandikia kila siku "kenge huyo umemtoa wapi", si kenge. Asili yake Australia, na Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kwenda kuuzwa nje, kwa hivyo hawa wa kufugwa wamezalishwa kwa wafugaji. Vibali kwanza. Habari za njia za panya msiniulize kwenye komenti, nitafuta.

Leo ni seti hii. Boksi moja, limeandikwa kila kitu kimo. Tangi la kioo la sentimita 60, taa ya kuotea joto, taa nyekundu ya usiku, balbu ya kujisokota ya UVB (ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho), kipimajoto cha kubandika, mfuko wa mchanga, bakuli. Imenifikia laki nne na ushee, pamoja na usafiri kutoka Dubai. Vipimo vingine vimo kwenye boksi, sikusomeeni.

Nianze na kinachoniudhi, mana'ke nikichelewa hasira zitapoa. Taa ya kuotea. Wati 100! Tizameni. Feni nimezima, dirisha liko wazi, chumba nyuzi 30. Sheha namtoa, haya, kaa begani. Nawasha. Hii bunduki ya joto ni ya mafundi wa friji, si ile tuliyokuwa tukipimwa vipaji vya uso wakati wa Korona, ile haipandi huku. Kidoti chekundu kiko juu ya jiwe. 44... 47... 52, na bado inakwenda. Mtoto kama huyu anataka jiwe la 40, 42, basi. Sasa tuhamie upande wa pili, ule unaoitwa wa baridi, unaotakiwa uwe baina ya 25 na 29. Someni wenyewe: 36. Sasa mnyama akishapata joto la kumtosha, akimbilie wapi? Huyu hatoi jasho. Kazi yake yote ni kuhama, jotoni, kivulini, jotoni, kivulini. Hapa umemfungia kwenye tanuri.

Haya, na kipimajoto cha kubandika kinasemaje? 33. Sindano imekaa kwenye rangi ya kijani, raha mustarehe. Kimebandikwa kiooni, kwa hivyo kinakupa hewa ya pale kiooni, la jiwe hakina habari nalo. Nikikigonga kwa ukucha, oneni, sindano imeruka mpaka 29. Mara moja tu! Hiki ni pambo.

Nazima. Nafungua, natia hii: halojeni ya wati 35, ya kumulika vibao vya maduka, nimeinunua Darajani kwa bei ya chipsi mishikaki. Hapa nimekata video kidogo, nimengoja jiwe lipoe kisha lishike tena. Someni. Jiwe 41. Upande wa pili 31. Bado si 29, lakini chumba chenyewe ni 30, na hakuna balbu itakayokushushia chini ya hewa ya nyumba yako. Mchana wa Februari hii ya kuotea naizima, nabakisha UVB. Na mnaoagizia kutoka Marekani, soma volti kabla hujachomeka: zao 120, zetu 230. Utasikia "pwa!" na pesa imekwenda.

Taa nyekundu ya usiku hiyo, imerudi bokisini. Usiku anataka giza. Wenzetu wa nchi za baridi joto la nyumba linaweza kushuka sana, sisi hata Julai tunalalia shuka moja.

Balbu ya kujisokota mwanga wake haufiki mbali, akisogea kidogo kashatoka. Na hapa si pa kubania: UVB ndiyo inayomfanya atengeneze vitamini D3, bila hiyo kalsiamu anakula lakini mifupa haiipati. Taya linalegea, miguu inapinda. Chukueni ile ndefu ya T5, bomba jembamba, ya UVB asilimia 10 au 12, ifike nusu ya nyumba yake au zaidi. Kampuni ya Arcadia wanazo, Zoo Med wanazo. Mimi ninayo ya Arcadia kwa sababu ndiyo iliyopatikana, sina ugomvi na mtu. Nilipanga nikwambieni msinunue taa yoyote, jua letu lipo na ni bure, na kweli asubuhi namtoa barazani kwenye tenga la wavu, nusu kivuli, nakaa naye mpaka chai iishe. Ila Masika je, wiki nzima mawingu? Nunueni. Na jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kioo kinaizuia UVB. Taa nayo ibadilisheni baada ya mwaka hivi hata kama bado inawaka, UVB inakufa kabla ya mwanga.

Tangi lenyewe ndilo kosa kubwa. Huyu ni wa nchi kavu, unyevu wa asilimia 30 au 40 ndio wake. Sisi hapa 80 ni siku ya kawaida. Kioo pande zote, wavu juu tu, bakuli la maji chini ya taa: umemtengenezea hamamu, na kifua kitamshika. Kufunua mdomo akiota jua ni kawaida. Akifunua huku yuko kwenye ubaridi na ute unamtoka, mpelekeni kwa daktari wa wanyama. Mimi nimekwenda kwa seremala Mwanakwerekwe, kanitengenezea sanduku la plaiwudi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, wavu ubavuni chini na ubavuni juu hewa ipite, kioo mbele tu. Ukubwa huo ndio atakaoutaka akishafika futi moja na nusu, futi mbili na mkia wake.

Mchanga! Mtu wa Unguja anauziwa mchanga. Huyu mdogo akirukia chakula anaumeza, tumbo linafunga. Wekeni kigae.

Chakula haraka haraka. Mtoto anakula wadudu kuliko majani, mkubwa kinyume chake. Nyenje asizidi upana wa baina ya macho yake, mara mbili tatu kwa siku, dakika 10 anazoweza kula basi, na nyenje mwenyewe umtikise kwanza kwenye unga wa kalsiamu. Wale funza wa nzi weusi wanaofugiwa kuku ni wazuri sana. Wadudu wa kuokota shambani hapana, dawa. Vimulimuli msithubutu, vinaua. Majani: kila mtu ananambia mchicha. Mchicha una oksaleti, unaishika kalsiamu, kwa hivyo usiwe wa kila siku. Sukuma wiki, boga lililoparuzwa, majani ya mlonge. Parachichi marufuku.

Video ijayo, Inshallah, tunavuka kisiwa cha Changuu kwa wale kobe waliotoka Shelisheli, boti nimeshapatana nayo. Wa Pemba mlioniomba nije Chake, naja, mnisubiri.

Seti hii sikushaurini. Halojeni, T5, kigae na sanduku la fundi nimelipa zaidi kidogo ya laki nne, na sina cha kutupa. Bakuli nimelipenda, zito, Sheha halipindui. Tangi anayelitaka aniandikie, linafaa samaki.