Kishikwambi cha makabidhiano ya zamu katika wodi ya wazazi: uzoefu wangu wa miezi minne Tabora

Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miezi minne sasa wodi yetu ya wazazi hapa Tabora imekuwa ikitumia vishikwambi viwili vyenye programu ya kukabidhiana wagonjwa kati ya zamu moja na nyingine. Kabla ya hapo tulikuwa na daftari kubwa la ripoti, ambalo muuguzi wa usiku aliliandika alfajiri akiwa amechoka, kisha likasomwa mezani saa moja na nusu asubuhi, mbali na vitanda vya akina mama waliokuwa wakizungumziwa. Udhaifu mkubwa wa daftari lile ulikuwa sentensi moja tuliyoizoea sote: “Anaendelea vizuri, hana malalamiko.” Sentensi hiyo haimwambii anayepokea zamu ni dawa ipi inafuata, wala ni kipimo gani bado majibu yake hayajarudi kutoka maabara.

Programu tuliyopewa hufuata utaratibu wa SBAR, yaani hali ya sasa ya mgonjwa, historia yake, tathmini ya muuguzi na mapendekezo ya kinachotakiwa kufanyika. Utaratibu huu ulianzia katika nyambizi za Jeshi la Majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini, na Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2007 lilipoyaweka makabidhiano miongoni mwa masuala tisa ya usalama wa mgonjwa. Wengi wetu tulikuwa tumeusoma chuoni bila kuutumia. Tofauti iliyoletwa na kifaa ni kwamba ukurasa wa mgonjwa haufungiki mpaka sehemu ya nne ijazwe, na kwa hilo pekee nakipa heshima yake, kwa sababu sehemu ya nne ndiyo tuliyokuwa tukiiruka.

Sikutaka kukipima kwa kuangalia kama kinapendeza au kama kinaokoa dakika. Kila nilipoweza, nilimsogelea mwenzangu aliyetoka kupokea zamu nikamuuliza mambo matatu: ni mama yupi utamwendea kwanza, dawa gani inafuata na saa ngapi, na ni kazi ipi zamu iliyopita imeiacha katikati. Wakati wa daftari, swali la tatu lilikuwa likiwashinda hata wakunga wazoefu. Siku hizi wengi hulijibu bila kurudi kwenye maandishi, hasa pale makabidhiano yanapofanyika kitandani, kishikwambi kikiwa mkononi na mama mwenyewe akisikia na kusahihisha. Yanapofanyika mezani, huku watu wawili wameinamia kioo, majibu huwa hayatofautiani sana na yale ya zamani.

Hatari niliyoiona kwa macho yangu ilihusu saa. Mama mwenye kifafa cha mimba anayetibiwa kwa utaratibu wa sindano za msuli, akishapata dozi ya kuanzia, hupewa magnesiamu salfeti gramu 5 kila baada ya saa 4, mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue au tangu aliposhikwa na kifafa mara ya mwisho, kutegemea lipi lilitokea baadaye. Kabla ya kila dozi, mkunga anapaswa kuhakikisha kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti likigongwa mguu unaitika, na kwamba mkojo uliopita kwenye mpira haupungui mililita 30 kwa saa. Asubuhi moja kioo kilionyesha kwamba dozi inayofuata ni 08:00, na kijana aliyekuwa akikabidhi, baada ya usiku mzito, akasoma kwa sauti, “Saa nane.” Aliyepokea akaelewa saa nane mchana, ilhali iliyokusudiwa ni saa mbili asubuhi. Kilichomwokoa mama yule ni chati ya karatasi iliyokuwa ikining’inia kitandani, ambayo ilionyesha kwamba sindano ya mwisho ilichomwa saa kumi alfajiri. Dada mmoja mzoefu akahesabu saa nne kwa vidole na kusema kwamba dozi ni sasa hivi.

Kosa hilo sikulibebesha yule kijana. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na programu inayoletwa kwa wauguzi wanaozungumza Kiswahili ilipaswa kuandika chini ya 08:00 maneno “saa mbili asubuhi”, tena ionyeshe zimebaki dakika ngapi. Tumeliomba jambo hilo kwa waliotuletea kifaa na bado tunasubiri.

Kasoro ya pili ni rangi za tahadhari. Programu inatoa alama kwa kutumia NEWS, kipimo cha kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, cha chama cha madaktari cha Royal College of Physicians cha Uingereza, kilichotolewa mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017. Ni kipimo kizuri kwa mtu mzima wa kawaida, lakini hakikusudiwi kwa wajawazito, kwa kuwa mapigo ya moyo na upumuaji wao hubadilika kwa sababu ya mimba yenyewe. Matokeo yake, kioo kiliwaka kwa akina mama waliokuwa salama, na baada ya wiki chache wauguzi wakaacha kukiangalia hata kilipokuwa na sababu ya kuwaka. Wodi ya wazazi inahitaji chati yake.

Kwa mambo mengine sina malalamiko makubwa. Intaneti ikikatika, kifaa hutunza taarifa na kuzituma baadaye. Umeme ukikatika, chaji hufikisha zamu nzima. Na kioo kinavumilia kufutwa kwa spiriti kila unapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kimesaidia pia kuondoa tabia ya kupiga picha mafaili kwa simu zetu binafsi na kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp, tabia iliyokuwa ikinisumbua moyoni hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwa sasa nisingekubali kishikwambi hiki kiondolewe, na nisingekubali chati ya kitandani iondolewe kwa sababu yake. Katika wodi yetu tumekubaliana kwamba anayekabidhi hutaja saa kwa Kiswahili na kipindi cha siku, anayepokea huirudia kwa sauti huku akiilinganisha na karatasi, kisha wote wawili wanamgeukia mama na kumuuliza sindano ya mwisho alichomwa lini.