Borrow: kuazima au kukopa?

Mwingereza ana neno moja tu, borrow, iwe ni kalamu, sukari au fedha. Sisi tunaligawa, na kigezo ni hiki: kitakachorudi ni kilekile au mfano wake?

Jirani akigonga mlango anataka sufuria ya pilau, anaazima. Jioni atairudisha ileile, pengine na masizi chini. Akija na kikombe kutaka sukari, hapo anakopa, maana hiyo itaishia kwenye chai na kesho ataleta nyingine. Fedha nazo ni hivyo hivyo. Noti utakayorudishiwa si ileile (ukirudishiwa). “Niazime elfu kumi” husikika sana mitaani, lakini naona ni ujanja wa kumlainisha mwenye pochi: kuazima kunanukia kurudisha leo leo, kukopa kunanukia daftari la dukani.

Mtego uko kwingine. Kuazima hutumika kwa anayetoa na anayepokea pia, ndiyo maana wengi wetu tunaponyoka na “borrow me your pen”, ilhali hapo Kiingereza kinadai lend. Kukopa hakuna utata: mtoaji anakopesha, basi.