Bakuli la shaba la "kusafisha nyumba", kwa masikio ya mpiga fidla

Nimelinunua Shangani, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, kwenye duka moja la vitu vya kitalii. Bei ya kwanza laki na nusu, tukamalizana kwa elfu tisini. Ni bakuli la kugongwa livume, kutoka Nepal, upana wake inchi 5, lina alama za nyundo nje na ndani, na linakuja na mto wa kulikalisha pamoja na mchi mdogo wa mbao uliovishwa ngozi.

Kijana wa dukani alinambia limetengenezwa kwa madini 7 na noti yake ni ya moyo. Nizunguke nyumba nzima nikiligonga kila pembe, nguvu mbaya zitatoka. Pembe ambayo sauti itafifia, hapo ndipo zilipojificha.

Mimi nimepiga fidla kwenye taarab tokea ujana, nikatoa simu na kufungua programu ya kutunia ala. Mshale haukutulia. Bakuli hutoa sauti zaidi ya moja kwa pamoja: ya chini inavuma, ya juu inalia kama kengele, na haziendani kwa mpango wa fidla wala wa ile ala ya nyuzi, kanuni. Tena ile ya chini hupanda na kushuka, kwa sababu bakuli lililofuliwa kwa mkono halitimii uduara. Kwangu huo ndio uzuri wake. Hayo madini 7 ni maneno ya kuuzia. Bakuli za namna hii kwa kawaida ni shaba nyekundu na bati.

Nyumba yetu iko Malindi, ya mawe na chokaa, vyumba virefu vyembamba kama boriti za mikoko zilivyoamua. Ukumbi wa juu ni mtupu, na pale mlio ulidumu mpaka mkono ukachoka kulishika. Nikaingia chumba cha wageni, pembe ya magodoro na pazia zito: kimya. Kwa maelezo ya dukani, hapo pana jambo. Nikayatoa magodoro, nikashusha pazia, nikagonga tena, pembe ikaimba vizuri tu. Nguo na sponji humeza sauti, basi. Lakini nyuma ya magodoro ukuta ulikuwa umeota ukungu tangu masika, na ile harufu iliyotusumbua ilitoka hapo hapo! Kwa hivyo mtu akinambia bakuli limefichua kibaya, sitabisha sana.

Mke wangu hakutaka kusikia habari ya mshale. Alifungua madirisha, akatia udi kwenye chetezo, akaweka Suratul Baqara kwenye spika, aya zote 286. Jirani naye aliusikia mlio, akadhani ni muuza kahawa anagonga vikombe, akachungulia dirishani kumwita.

Kama ala, bakuli hili nalipa alama nzuri. Jioni naligonga mara moja kabla ya kutuni fidla, na hata wajukuu hunyamaza kusikiliza linavyoishia. Mchi ndio mbovu: gundi ya ngozi imeachia, na mbao tupu inakwaruza ukingo badala ya kuuvumisha. Ukienda kununua, lisimamishe juu ya kiganja kilichonyooka, vidole visiguse ubavu maana vinaua sauti, uligonge, usubiri. Likizima upesi lirudishe kwenye rafu, na usilipie kabla hujauvuta ule mchi kuona kama ngozi imeshika.