TAHADHARI Lubumbashi: fundi wa kadre anayetundika "bure" ili usione mgongo wa picha yako

Mandugu wa Lubumbashi, hasa mlio Bel-Air, Katuba na Kamalondo: kuna mtu anapita kwenye vikundi vya WhatsApp vya mapambo ya nyumba, anatangaza kutengeneza kadre (fremu) za picha kwa bei ndogo na kuzitundika bure nyumbani kwako. Msimpe picha zenu. Na kama ameshakutundikia, shusha picha leo hii, igeuze, utazame nyuma.

Jina lake siliandiki. Tulipokutana watu watatu aliotudhulumu, kila mmoja alikuwa amepewa jina tofauti la mtu huyo na namba tofauti ya simu. Nikiandika moja huenda likamwangukia mtu asiyehusika. Mtambueni kwa namna anavyofanya kazi. Anakuja mwenyewe nyumbani, hana karakana ya kukuonyesha. Anataka theluthi mbili ya pesa mbele, kwa simu, bila karatasi yoyote. Anaviringa picha zako kama mkeka na kuzitia ndani ya mfuko. Na siku ya kurudisha hakubali umsaidie kubeba wala kushika: "Acha tu mama, utaacha vidole kwenye kioo."

Mimi nilimpa picha tatu, mwezi wa saba 2024. Mbili ni chapa za lino nilizonunua kwa kijana aliyesoma Beaux-Arts, shule ya sanaa, hapa hapa mjini, dola 25 kila moja. Kwa asiyejua kazi hiyo: msanii anachonga mchoro kwenye kipande cha lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni), anapaka wino, analaza karatasi juu na kugandamiza, karatasi moja baada ya nyingine. Halafu chini ya mchoro anaandika kwa penseli, kushoto namba, mfano 6/15, maana yake karatasi ya sita kati ya kumi na tano, na kulia anatia sahihi. Maandishi hayo madogo ndiyo yanayoonyesha picha imetoka mkononi mwa nani na kwamba zipo ngapi tu. Ukiyakata, umebaki na karatasi nzuri isiyo na mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa picha ya marehemu baba, nyeusi na nyeupe, sentimita 18 kwa 24. Amesimama na nguo zake za kazi, nyuma yake linaonekana lile bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini. Negativu yake haipo tena. Ndiyo hiyo moja tu tuliyobaki nayo katika familia.

Tulipatana dola 45 kwa zote tatu: kadre za mulombwa (mbao ngumu), vioo, na kutundika juu yake. Nikatuma 30. Baada ya wiki mbili akaja jioni, giza limeanza kuingia, nyundo mfukoni, na katika dakika ishirini picha zote zilikuwa ukutani. Kwa mbele zilipendeza, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza juu ya zile za lino: namba na sahihi ziko wapi? Akajibu, "Ziko ndani mama, mbao imefunika kidogo. Ndivyo zinavyokaa." Nikamlipa 15 zilizobaki.

Mwezi wa kumi na mbili, usiku wa mvua kubwa, moja ilianguka. Nilitoka chumbani nikitegemea kuokota vipande vya kioo sebuleni. Kioo hakikuvunjika. Kwanza nilimshukuru Mungu. Halafu nikakigonga kwa ukucha, kikatoa sauti ya bakuli la plastiki, nikaelewa.

Niliwasha taa ya simu na kuketi chini pale pale. Pembe ya kadre ilikuwa imemeguka, na ndani yake hakuna mbao: ni chembe nyeupe, frigoliti, ile ile wanayofungia televisheni, imevalishwa ngozi ya karatasi yenye rangi na mistari ya mulombwa. Kamba ya kutundikia ilikuwa uzi wa gunia. Msumari ulikuwa wa sentimita tatu, umeshika lipu tu, haukufika tofali. Nyuma alikuwa ameziba kwa kipande cha boksi la sabuni, maandishi bado yanasomeka nusu, na skochi (utepe wa gundi) ya kahawia iliyokwisha kujikunja.

Nikavuta boksi. Halikutoka peke yake, lilitoka na picha. Alikuwa amepaka kola (gundi) nyeupe ya mafundi mbao mgongo mzima wa chapa na kuigandisha kwenye boksi hilo. Karatasi imeingia unyevu, imefanya mawimbi kama bati la nyumba. Halafu nikatazama pembezoni. Karatasi niliyompa ilikuwa na sentimita 35 kwa 50. Hii ilikuwa na 29.7 kwa 42. Pale chini, mahali pa sahihi, vilibaki vichwa vya herufi tu, vimekatwa katikati kwa wembe. Namba haikuwepo kabisa.

Hapo ndipo nilipofahamu biashara yake. Huyu mtu hatengenezi kadre. Ananunua za kiwandani, kipimo cha A4 au A3, kisha anaikata picha yako mpaka iingie. Ndiyo sababu anatundika bure, na ndiyo sababu hataki ushike: ukigeuza tu, kila kitu kiko wazi. Nilipompigia aliniambia bila hata kubadilisha sauti, "Mama, ilikuwa kubwa kupita kadre, nikakata kidogo tu pembeni." Kesho yake namba ilikuwa haipatikani.

Chapa ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya baba ndiyo iliyoniumiza zaidi. Hiyo aliiwekea kioo cha kweli, lakini picha imegusana na kioo uso kwa uso, hakuna nafasi hata ya milimita moja katikati. Uso wa picha za zamani una utando wa jelatini. Wakati wa mvua utando huo unanyonya unyevu, unalainika, na ukikauka umeshika kioo. Ukitazama kwa pembeni unaona madoa yanayong'aa kama sehemu iliyolowa maji. Kwa baba yako begani mwake, na kwenye shavu lake la kushoto.

Nawaomba sana: picha ikikwama hivyo, usiivute. Usiilowanishe, usiipashe moto, usipitishe kisu. Ukivuta, rangi inabaki kwenye kioo na karatasi inatoka nyeupe. Iache imelala na kioo chake, uso juu, mahali pakavu. Kisha ipige picha kupitia kioo, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, ukisimama upande ambao kioo hakirudishi mwanga. Angalau utakuwa na nakala.

Wenzangu wawili yaliwapata mengine. Mama mmoja wa Katuba alituma dola 20 na kutoa picha ya harusi ya wazazi wake. Hakurudishiwa pesa wala picha. Wa pili ni mwalimu mwenzangu, na kisa chake ni onyo kwa wanaopenda sanaa ya hapa kwetu. Mtu huyo huyo alimuuzia "Pilipili halisi" kwa dola 80. Pilipili Mulongoy, pamoja na kina Bela na Mwenze Kibwanga, alikuwa mmoja wa wachoraji wa Le Hangar, ile karakana aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville. Ndege na samaki wake wanajulikana mbali. Kazi yake halisi haiwezi kutembezwa ndani ya mfuko kwa dola 80.

Tulichukua kioo cha kukuzia tukatazama bawa la ndege aliyekuwa kwenye picha hiyo. Lilikuwa limejaa vidoti vidogo sana vya bluu, waridi na njano, kimoja ubavuni mwa kingine. Hiyo ni mashine ya kupigia chapa. Rangi ya brashi ukiikuza unaiona imelala bapa, ina njia ya unywele wa brashi. (Bela alichora kwa ncha za vidole, kwa hiyo kazi zake zina vidoti, lakini hivyo unaviona kwa macho yako ukiwa umesimama mbali.) Kama huna kioo cha kukuzia, kamera ya simu ikikuzwa sana mara nyingi inatosha. Kununua nakala iliyopigwa na mashine si kosa. Mimi mwenyewe ninazo na ninazipenda. Kosa ni kuuziwa nakala kwa jina la kazi ya mkono.

Sasa, mtu yeyote akikuletea kadre, hata awe fundi unayemfahamu, kabla ya kulipa iweke mezani kifudifudi na umwombe aifungue mbele yako. Fundi mwema hakasiriki. Bonyeza mbao kwa ukucha sehemu ya nyuma: mbao inakataa, frigoliti inabonyea. Kadre ya frigoliti si mbaya, ni nyepesi na bei yake ndogo, ila uambiwe na ulipe bei yake. Kioo ni baridi ukikigusa, na sauti yake ni kali. Pima karatasi yako kwa rula kabla haijatoka nyumbani, ipige picha mbele na nyuma, na vipimo viandikwe kwenye karatasi ambayo yeye pia ameiwekea sahihi.

Lakini mimi siku hizi picha zangu hazitoki nyumbani kabisa. Namtuma fundi mbao atengeneze kadre tupu kwa vipimo ninavyompa, kila upande umezidi karatasi kwa milimita mbili au tatu ili ipate kupumua. Kadre inaifuata picha. Picha haiifuati kadre. Kioo nakatiwa sokoni, cha milimita 2. Hayo mengine nayafanya mezani kwangu, na gharama yake ni ndogo kuliko zile dola nilizompa yule mtu.

Kati ya picha na kioo ninaweka karatasi ngumu nyeupe niliyoitoboa dirisha, ile wenye kazi wanaiita paspatu. Inatenga picha na kioo, nayo ndiyo ingemwokoa baba. Dirisha ninalikata likiwa kubwa kuliko mchoro, chini ninaongeza sentimita moja na nusu, ili namba na sahihi vionekane. Picha siigandishi. Ninaishika juu tu, kwa vikaratasi viwili vyepesi vyenye ukubwa wa kidole, kwa uji mzito wa wanga wa ngano. Wanaotunza karatasi katika majumba ya makumbusho nao hutumia gundi ya wanga, kwa sababu siku ukitaka kuitoa unailainisha kwa maji kidogo na inaachia. Sehemu ya chini inabaki huru, maana karatasi inatanuka masika na kusinyaa kiangazi, na ukiibana pande zote ndipo inapofanya mawimbi. Skochi usiitumie hata kwa siku moja. Gundi yake inageuka njano na kuingia ndani ya karatasi. Boksi nalo lina asidi. Baada ya miaka linaichoma picha kwa rangi ya kahawia, kwa hiyo kama huna kitu kingine cha kuzibia nyuma, weka kwanza karatasi nyeupe safi, nzito, katikati.

Kutundika: toboa mpaka uingie kwenye tofali, weka sheviye (kile kiplastiki cha kushikia skurubu ndani ya tundu) na skurubu, si msumari kwenye lipu. Katikati ya picha pafike kama mita 1.50 kutoka chini. Epuka ukuta wa nje unaopigwa na mvua kuanzia Novemba, na ule unaopokea jua la alasiri, kwa maana jua linakula wino. Nyuma ya pembe mbili za chini nimebandika vipande vya kandambili za zamani, unene wa nusu sentimita, ili hewa ipite kati ya kadre na ukuta. Msimu huu wa mvua nilizishusha kutazama. Mgongo ulikuwa mkavu.

Kama umewahi kupoteza pesa au picha kwa mtu huyu, niandikie kwa siri, unipe namba aliyotumia na tarehe. Tunakusanya ushahidi ili tuende pamoja polisi, na yule mama wa Katuba bado anatafuta harusi ya wazazi wake: baba amevaa suti nyeupe, mama ameshika maua, na pembe ya juu kulia imekunjika. Ukiiona inauzwa mahali, au imetupwa, au iko nyuma ya picha nyingine ndani ya kadre uliyonunua, tafadhali usiikunje. Nijulishe tu, nitaifuata mwenyewe.